Milki ya Mpangaji

Katika mtaa wa Al Sadd, mjini Doha, hakuna kitu cha mgeni kisichokuwa na tarehe ya mwisho. Kitambulisho cha ukaazi kina tarehe yake, mkataba wa nyumba una tarehe yake, kadi ya afya, leseni ya udereva, bima ya gari na ile hati ya kazi ambayo hizo nyingine zote husimama juu yake, kila kimoja kimechapwa siku ambayo ikipita hakitambuliki tena. Na mtu aliyekaa hapa muda wa kutosha huzoea kuzihifadhi tarehe hizo moyoni, asije akafikiwa na mojawapo hali ameghafilika. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba Windows 10, mfumo uliokuwa ukiendesha kompyuta za wengi wetu, utakoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, habari hiyo haikuwa ngeni kwa namna yake, bali ilikuwa ngeni kwa mahali ilipotua. Tulikuwa tumedhani kwamba kompyuta, maadamu imenunuliwa kwa pesa taslimu na kutiwa mkobani, imekwisha kutoka katika orodha ya vitu vya kuhuishwa.

Haki iseme kwamba siku hiyo mashine haikuzimika. Iliendelea kuwaka, kuandika na kuhesabu kama ilivyokuwa jana yake, illa ilikoma kupokea yale marekebisho ya kila mwezi yanayoziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huipekua, na mianya isiyozibwa huongezeka kadiri siku zinavyokwenda. Mwenye mashine aliambiwa ahamie Windows 11. Lakini Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali kuingia mahali popote, kwani yataka kichipu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na yataka kichakataji kilichomo katika orodha yake, na kwa upande wa Intel takriban vyote vilivyotangulia kizazi cha nane vimeachwa nje ya orodha hiyo. Laptopu ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya kutosha na kioo kisicho na mkwaruzo, ikahukumiwa kuwa kikongwe kwa hati, si kwa mwili. Waliosita walipewa nafasi ya kuongezewa mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa kuifungamanisha mashine na akaunti ya Microsoft, kampuni inayoutengeneza mfumo huo. Na kuongezewa mwaka kwa ada ni jambo ambalo mkaazi wa Doha halihitaji kufafanuliwa.

Laptopu katika mtaa huu si pambo. Al Sadd ni mtaa wa maghorofa ya makamo yaliyosongamana baina ya mikahawa, maduka na zahanati, una klabu ya mpira iliyoasisiwa mwaka 1969 ambayo jina lake limevuka mipaka ya Ghuba, una jengo la maduka la Royal Plaza, na tangu 2019 una kituo cha treni cha njia ya Dhahabu kinachomfikisha mtu katika soko la Souq Waqif kwa dakika chache. Na ndani ya vyumba vyake, ambavyo aghalabu hukaliwa na watu zaidi ya mmoja, wamo watunza hesabu, wauguzi, wapokezi wa hoteli na walinzi wa milango kutoka Mombasa, Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura. Mmoja asoma shahada kwa njia ya masafa baada ya zamu ya usiku, mwingine aandika hesabu za duka la nduguye lililoko Kisauni, wa tatu ahifadhi picha za watoto ambao amewaona wakikua katika kioo hicho zaidi ya alivyowaona kwa macho. Ukuta si wake, hata msumari haupigilii pasipo kumuuliza mwenye nyumba. Kitanda kimekuja pamoja na chumba. Kile anachoweza kukiita milki yake kamili, kwa muda wote wa ughaibuni, ni masanduku mawili na mashine hiyo. Ndipo swali la nani hasa mwenye mashine likawa kwake si swali la mafundi peke yao.

Kwetu pwani swali hilo hatukulipa uzito wake, na nadhani ni vyema tukiri kwa wingi wetu. Fundi wa kompyuta wa Dar es Salaam husema atakupigia windo, yaani atakutilia Windows, naye hukupigia kwa shilingi elfu kadhaa katika muda wa kunywa chai, na ile nakala aliyokutilia imekwisha kuvunjwa kufuli na mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua, kwa nia usiyoijua. Wapo waliohoji uhalali wake, lakini walikuwa wachache, na jawabu walilopewa lilikuwa kwamba kampuni ile ni tajiri. Mimi sioni kuwa utajiri wa aliyeibiwa hubadili jina la kitendo. Lakini naona kwamba katika bidhaa ile palikuwa na jambo ambalo hata mnunuzi mwaminifu hakulipata, kwa sababu mkataba wa Windows, ukisomwa kwa utulivu, wasema kwamba programu haiuzwi, bali mtu hupewa idhini ya kuitumia kwa masharti. Mwizi na mnunuzi walitofautiana katika dhamira, na hiyo ni tofauti kubwa. Katika milki hawakutofautiana, kwani wote wawili hawakuwa nayo.

Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, hutoka katika fikra nyingine, na sisi watu wa pwani tunayo taasisi ya kale inayoifafanua fikra hiyo vizuri kuliko maelezo ya wahandisi, nayo ni wakfu. Mtu huweka kisima, nyumba au shamba la minazi kuwa wakfu. Tangu siku hiyo kitu kile hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi hiba, na manufaa yake huwaendea wale waliotajwa, wawe ni maskini wa mji, wanafunzi wa madrasa au wapita njia. Na wanazuoni wa fikihi wakaweka kanuni kwamba sharti la mwekaji lina nguvu mfano wa nguvu za sheria. Mombasa na Unguja zimejaa misikiti, visima na nyumba zilizosimama juu ya kanuni hiyo, na Zanzibar ina kamisheni nzima ya kuziangalia.

Richard Stallman, aliyekuwa katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, sidhani kama aliwahi kulisikia neno hilo alipotangaza mradi wake wa GNU mnamo Septemba 1983. Alichokitaka ni mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu atakuwa na haki ya kuutumia kwa muradi wowote, kuuchunguza jinsi unavyofanya kazi, kuugawa kwa jirani, na kuutengeneza upya kisha kuigawa ile kazi yake mpya. Mwaka 1989 akaitoa hati iitwayo GPL, na ndani ya hati hiyo mlikuwamo sharti linalofanya kazi ya sharti la wakfu: atakayekigawa kitu hiki, amekibadili au hakukibadili, hana budi kuwapa wanaopokea msimbo wake na haki zilezile alizopewa yeye. Hawezi kukizungushia ukuta. Anaweza kutoza pesa akipenda, jambo ambalo wengi hawalijui, lakini hawezi kumzuia aliyenunua kugawa bure.

Kilichokosekana katika jengo la Stallman kilikuwa kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayosema na vyuma vyenyewe. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, aliwaarifu watu kwamba anaandika mfumo mdogo kwa kujifurahisha, usiotarajiwa kuwa mkubwa. Na mwaka uliofuata akaiweka kazi yake chini ya hati ya GPL. Tangu hapo mambo yakaenda kama yaendavyo kwenye wakfu uliotunzwa. Ian Murdock akaanzisha Debian mwaka 1993, ambayo mpaka leo huchagua kiongozi wake kwa kura kila mwaka. Juu ya Debian, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akajenga Ubuntu mwaka 2004, akawa kwa miaka kadhaa anawapelekea watu sahani zake za CD kwa posta bure, hata vijana wa vyuo vya Afrika Mashariki wakazipokea katika bahasha bila kulipa senti. Na juu ya Ubuntu ikajengwa Linux Mint mwaka 2006. Hakuna kati yao aliyemwomba mwenziwe ruhusa, kwa kuwa ruhusa ilikuwa imekwisha kutolewa tangu mwanzo, kwa wote, pasipo tarehe ya mwisho.

Isidhaniwe lakini kwamba hii ni kazi ya mafukara wa Mungu waliojitenga na dunia. Sehemu kubwa ya kiini cha Linux huandikwa na watu wanaolipwa mishahara na makampuni makubwa, na Microsoft yenyewe, ambayo mkuu wake wa wakati ule, Steve Ballmer, aliiita Linux saratani mwaka 2001, ilijiunga na taasisi ya Linux Foundation kama mwanachama mnamo Novemba 2016. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa kasi zinaendeshwa na Linux, na simu za Android zilizomo mifukoni mwa wapangaji wa Al Sadd zina kiini hichohicho. Anayesema kwamba hajapata kuitumia Linux, yamkini amelisema hilo kwa simu inayoendeshwa nayo.

Basi mtu afanyeje mwanzo wake? Kwanza ayanakili mafaili yake yote katika diski ya nje, na kama diski ya mashine imefungwa kwa BitLocker, autafute ufunguo wake wa akiba na kuuandika pembeni kabla hajagusa kitu; katika hili simjui mwalimu aliye mkali kupita kiasi. Kisha achague toleo, na hapa wanaoanza hupoteza siku nyingi, kwa sababu matoleo ni mamia na kila moja lina mtu wa kulisifu; mimi humwambia mgeni achukue Linux Mint, si kwa kuwa ni bora kwa wote, bali kwa kuwa sura yake haimfukuzi mtu aliyetoka Windows, na toleo lake la 22, lililotoka mwaka 2024, litahudumiwa hadi 2029. Faili lake ni gigabaiti zipatazo tatu, nalo Doha hushuka kwa muda mfupi, ilhali kwetu lingekula bando la wiki. Huandikwa katika flashi kwa programu ndogo ya kazi hiyo, mashine huzimwa, kisha huwashwa huku kidole kikiwa juu ya F12, au F2, au Esc, kwa kadiri mtengenezaji alivyopenda, na mfumo mzima huamka kutoka katika ile flashi, diski ya ndani ikiwa haijaguswa hata herufi moja.

Kituo hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na nimewaona watu wakikipita mbio kama kwamba ni ngazi ya kupandia tu. Mfumo umekuja kwako kwa majaribio, haukudai jina lako, haukudai anwani, haukuandika popote kwamba umekuona. Fungua Wi-Fi uone kama yashika, cheza sauti, washa kamera, funga kifuniko cha laptopu uone kama italala, ukifungue uone kama itaamka, chapa ukurasa mmoja kama una printa. Mashine nyingi hupita mtihani huo wote. Ambazo hukwama, aghalabu hukwama katika kadi ya Wi-Fi, hasa zile za Broadcom, ambazo zataka dereva la ziada na waya wa kuazima mtandao mpaka lipatikane. Ukikuta kasoro isiyovumilika, chomoa flashi, washa upya, na Windows yako ingali mahali pake. Ukiridhika, sakinisha, na mwenye hofu aache mifumo yote miwili ikae bega kwa bega, achague kila anapowasha.

Kisha huanza siku za ugeni. Diski iliyokuwa ikiitwa C haipo. Kila kitu, hata flashi unayoichomeka, huota kutoka katika mzizi mmoja unaoandikwa kwa mkwaju mmoja tu, na vitu vyako vinakaa katika nyumba yenye jina lako ndani ya mzizi huo. Faili liitwalo Barua na faili liitwalo barua ni mafaili mawili. Programu hazitafutwi ovyo mtandaoni na kupakuliwa kutoka kwa kila mpita njia, bali huchukuliwa katika hazina moja iliyokaguliwa. Kibodi za Doha, ambazo zina herufi za Kiarabu ubavuni mwa zile za Kilatini, hukubali kupangwa zote mbili, na mtu akahama kutoka hii hadi ile kwa vitufe viwili. Na kuna ile terminali, kioo cheusi ambacho wageni hukiogopa kwa sababu ya filamu walizoziona, ilhali kwa Mint mtu aweza kukaa miezi asikiguse.

Lakini akikigusa, hukutana na jambo linalostahili tafakuri zaidi ya yote niliyoyataja. Ataandika amri ya kusakinisha au kufuta kitu kizito, na mashine itakataa. Itamwambia hana ruhusa. Atatanguliza neno sudo mbele ya amri ileile, mashine itamwuliza neno lake la siri, naye atakapokuwa akiliandika, Mint itamwonyesha nyota, lakini katika matoleo mengine hakuna nyota wala nukta itakayotokea, hata adhani kibodi imekufa. Akibonyeza Enter, kazi itafanyika. Katika baadhi ya matoleo, mara ya kwanza kabisa, hupewa pia wasia mfupi, wa kuziheshimu siri za wengine na wa kufikiri kabla ya kuandika. Wageni wengi hukereka kwa utaratibu huu. Mimi naona kwamba mtu wa mtaa wetu ana sababu ya kuutazama kwa jicho jingine. Ruhusa katika mji huu ni kitu ambacho sisi hukiomba, na hatujazoea kuombwa. Mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2020, mfanyakazi hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine kabla ya mkataba wake kwisha bila barua ya ridhaa ya yule anayemwacha. Na mashine yake ya zamani ilijiwasha upya usiku kwa ajili ya masasisho, ikamkuta katikati ya kazi, ikamwomba radhi kwa maandishi ya kupendeza. Hii ya sasa humwonyesha orodha ya masasisho na kungoja. Akitaka leo, leo. Akitaka baada ya zamu, baada ya zamu. Na hatari ya kuchelewa ni juu yake. Ile sudo humkatalia ili ajue kwamba neno la mwisho latoka kwake, na kwamba akisema futa, kitafutwa, wala hapana kampuni atakayoipigia simu kesho yake kudai alichokipoteza.

Jambo hilo lina uchungu wake, wala sipendi kumdanganya msomaji kwa kulitaja tamu peke yake. Mwenye milki ndiye mwenye matengenezo. Programu za Adobe hazina toleo la Linux. Excel yenye makro za ofisini haikubali kuhamia katika LibreOffice bila kulalamika, ingawa barua na jedwali za kawaida hufunguka vyema, na herufi za Calibri hupokewa na herufi za Carlito zilizokatwa kwa vipimo vilevile ili ukurasa usihame. Mtunza hesabu ambaye mwajiri wake amemfunga kwa programu moja ya Windows, asihame. Au aiache Windows katika kipande cha diski kwa ajili ya mkate wake, na nafsi yake aihamishie upande wa pili. Sioni aibu katika mgawanyo huo, na wale wanaoufanya mfumo wa kompyuta kuwa madhehebu, wakamkataza mtu hata kuchungulia kwingine, wamewafukuza wageni wengi kuliko terminali ilivyowafukuza.

Limebaki jambo la lugha, ambalo mwandishi wa Kiswahili hawezi kulipita. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa KiLinux, wakishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi na kwa msaada wa shirika la Sida, waliandaa istilahi na kuzitafsiri programu za OpenOffice, zikatoka Desemba ya mwaka huo kwa jina la Jambo OpenOffice. Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mwaka huohuo nia ya kuzivisha bidhaa zake Kiswahili. Ukizitazama kazi hizo mbili kwa nje, utaona zashabihiana. Lakini ile ya pili ilikuwa ni uamuzi wa mwenye mali, afanye au asifanye, na ile ya kwanza haikumngoja mtu. Walimu na wanafunzi wa chuo hicho cha Mlimani waliuchukua msimbo, wakatafsiri, wakagawa. Hati ilikuwa imewaruhusu kabla hawajajuana na walioiandika.

Ila wakfu usio na mutawalli, yaani msimamizi wa kuutunza, huchakaa, hata uwe na hati nzuri namna gani. Kila toleo jipya la programu huja na sentensi mpya, na sentensi zilizotafsiriwa mwaka 2004 zilikuwa za menyu ambazo nyingine hazipo tena. Anayechagua Kiswahili leo katika Ubuntu au katika Mint hukutana na kitufe cha Kiswahili, kisha viwili vya Kiingereza, kisha onyo la Kiingereza lenye neno moja la Kiswahili katikati. Tafsiri hizo hufanywa hadharani, katika mtandao wa Launchpad, na kila mstari usiojazwa unaonekana. Mtu aliye na Ijumaa yake nyumbani, Al Sadd au Mwembe Tanga, hahitaji kuwa mhandisi ili aanze. Yatosha awe na anwani ya barua pepe, asome Kiingereza na akijue Kiswahili kilicho sahihi, na awe na subira, kwa sababu kabla ya mstari wa kumi atatokea mwenziwe kutoka Nairobi ambaye hatakubali kompyuta iitwe kompyuta maadamu kuna neno tarakilishi, na shauri hilo, kwa ninavyowajua watu wetu, halitakwisha siku hiyo.